Kabla Hujaongeza Kitufe: Ninavyoamua Kipi Kiingie Kwenye Programu

Jumamosi saa tisa alasiri, Igoma, Mwanza. Chini ya turubai wamekaa akina mama ishirini na saba kwenye viti vya plastiki, sanduku la chuma lenye kufuli tatu liko katikati, na katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ameshika simu mapajani. Mwanachama anasimama, anataja namba yake, anaweka noti ya elfu kumi kwenye beseni. Wahesabu fedha wanatamka kwa sauti: "Hisa mbili." Katibu anaanza kubonyeza. Anachagua mwanachama, anachagua aina ya malipo, anachagua njia ya malipo, anaandika kiasi, anahakiki, anathibitisha. Mwanachama wa pili keshafika kwenye beseni na wa tatu yuko nyuma yake. Kwa mwanachama wa sita, katibu akailaza simu kifudifudi, akavuta daftari lake na kuendelea kwa kalamu.

Programu ile ya kutunza hesabu za kikoba niliitengeneza mimi. Ile skrini ya njia ya malipo niliiongeza mwezi mmoja kabla, kwa sababu kikundi kimoja cha katikati ya mji kilikuwa kinapokea hisa kwa simu. Kikundi kimoja kiliomba, vikundi vyote vikalipa. Tangu siku hiyo naamua mambo ya programu kwa kuanzia hapo: gharama ya kipengele hubebwa zaidi na wale wasiokihitaji, wanaolazimika kukipita kila siku wakielekea kwenye kazi yao. Aliyekiomba yeye anapata faida. Hao wengine hawatakupigia simu kulalamika. Watarudi kwenye daftari kimya kimya.

Nitakueleza ninavyofanya sasa, kwa mifano ya vikoba, maana ndiyo kazi ninayoijua. Wewe unaweza kuwa unatengeneza programu ya duka la dawa au ya shule. Hesabu yake ni ileile.

Kaa nyuma ya mtumiaji na uhesabu

Chukua karatasi, nenda pale kazi inapofanyika, kaa nyuma ya bega la mtumiaji. Usikae mbele yake, kwa sababu atakuangalia usoni kila anapokwama na wewe utashindwa kujizuia kumfundisha. Andika mambo matatu: kila anapobonyeza, kila anapomuuliza mtu wa pembeni, na kila anapoiacha simu na kushika kitu kingine. Hilo la tatu ndilo lenye dhahabu. Katibu wa Igoma hakuniambia neno lolote baya kuhusu programu yangu. Alinikaribisha soda na kunishukuru kwa kufika. Daftari lake ndilo lililonipa habari.

Kisha piga hesabu. Skrini moja ya ziada, mtu akiizoea, inamchukua kama sekunde nne. Kikao cha wanachama 27 huwa na malipo yapatayo 60 ukichanganya hisa, mfuko wa jamii (ule wa misiba na ugonjwa) na marejesho ya mikopo. Sekunde 240, yaani dakika nne kila kikao. Kwa vikao 50 vya mzunguko mmoja wa mwaka ni dakika 200, zaidi ya saa tatu, na katika saa hizo watu 27 wamekaa wakisubiri kidole cha mtu mmoja. Wako waliowaachia watoto jirani. Ukiiandika hesabu hii kwenye karatasi, lile ombi la "ongeza tu skrini moja ndogo" linaonekana kwa ukubwa wake.

Tembelea vikundi visivyopungua vitatu kabla ya kuamini ulichokiona. Katibu ambaye ni mwalimu mstaafu atakupitia skrini saba bila kusita, nawe utaondoka ukidhani mambo yako safi.

Jambo jingine linalonisaidia ni kukumbuka utaratibu huu wa vikundi ulikotoka. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii vilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Hesabu zilitunzwa kichwani: kila jambo linatamkwa kwa sauti, wote wanasikia, wote wanakumbuka. Ile "hisa mbili" inayotamkwa Igoma ni kinga dhidi ya wizi. Kwa hiyo kipengele chochote kinachomfanya katibu ainamie simu hadi asisikie kinachotamkwa kinabomoa kitu cha zamani na imara kuliko programu yangu.

Ombi likija, ulizia mara ya mwisho

Watu huomba kitufe. Wana haki, kwa sababu kitufe ndicho wanachokiona. Kazi yako ni kurudi nyuma hadi kwenye tukio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi mbona hamtuwekei kitufe cha kufuta?"

"Mara ya mwisho ulipokihitaji ilikuwaje, mama?"

"Jumamosi iliyopita. Namba kumi na moja kaleta hisa tano, mimi nikamwandikia namba kumi. Watu wamekaa, namba kumi na moja ananitolea macho, nami sijui nifanyeje."

Sikiliza hapo. Shida yake ilikuwa kosa la dakika moja iliyopita, kikao kikiwa bado wazi, mwenye pesa akiwa mbele yake. Kitufe cha kufuta kingemsaidia siku hiyo. Ila kitufe hichohicho kingemwezesha mtu yeyote kuufuta mkopo wake saa tano usiku akiwa nyumbani. Tulichofanya ni hiki: mstari wowote wa kikao kilicho wazi ukiugusa unaurekebisha, na kikao kikifungwa mistari yote inajifunga. Kosa likigundulika baadaye, linasahihishwa kwa kuandika mstari mpya unaoonekana na wote. Hakuna kitufe kipya kilichoongezeka kwenye skrini, na mama alipata alichokihitaji.

Swali la "ungependa tukuongezee nini?" nimeliacha kabisa. Mtu mwenye adabu hawezi kukujibu "hakuna", atakutafutia cha kusema, nawe utakwenda kukijenga.

Maombi yote nayaandika kwenye kaunta buku, kwa mkono. Nachora safu nne: tarehe, aliyeomba, maneno yake kama alivyoyasema, na leo hii anafanyaje bila hicho kitu. Safu ya nne ndiyo mizani. Ikiwa jibu ni "anampigia mwenyekiti simu ya dakika mbili", ombi linaweza kukaa. Ikiwa ni "anakesha akijumlisha upya kurasa arobaini", ombi linapanda juu. Halafu nasubiri vikundi vitatu visivyofahamiana viombe jambo lilelile. Nasisitiza visifahamiane, kwa sababu vikundi vya mtaa mmoja huambukizana maombi; utadhani umepata watatu kumbe ni mmoja aliyeongea msibani.

Mawili hayasubiri watatu. La kwanza ni lile linalozuia pesa kupotea. La pili ni linalotakiwa na sheria: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, basi taarifa za usajili ziliingia bila kupigiwa kura.

M-Pesa ilivyopunguzwa kabla ya kuzaliwa

Kila ninapobanwa niongeze vitu, narudi kwenye kisa hiki. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwezi Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na Safaricom. Lengo la mwanzo lilikuwa mikopo midogo: wateja wa mkopeshaji Faulu Kenya wapokee mkopo na kurejesha kwa simu. Kazi ya kuoanisha malipo yale na vitabu vya mkopeshaji ikawa nzito. Wakati huohuo watu waliopewa simu za majaribio walikuwa wanazitumia kwa mambo yao wenyewe, hasa kutumiana pesa, mmoja mjini na mwingine kijijini.

Waliokuwa wakiendesha majaribio wangeweza kuendelea kuongeza vipengele vya mikopo hadi vikae sawa. Badala yake waliviweka pembeni, na Machi 2007 huduma ikatoka na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Mikopo ilirudi, lakini ilirudi Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, zaidi ya miaka mitano baadaye, wakati kutuma pesa kulishakuwa jambo ambalo hata bibi kijijini analifanya.

Mambo mawili nayachukua hapo. Kipengele kilichoondolewa leo hakijafa. Kinaweza kurudi watu wakishakuwa na mahali pa kukiweka vichwani mwao. Na kile watu wanachokifanya na programu yako bila kufundishwa kina uzito kuliko mpango wako wa awali.

Tukiwa kwenye simu, kuna shule nyingine humo. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani zile menyu za nyota na reli kama *150*00#, unabeba herufi 182 tu. Mwandishi wa menyu halazimiki kuwa na hekima, udogo wa nafasi unamlazimisha achague. Simu janja imetuondolea ukuta huo, tukaanza kujaza. Ninapopanga skrini mpya, kwanza naiandika kama menyu ya USSD, mistari mitano au sita, na kisichoingia nakitilia shaka. Na ukishapanga, usihamehame. Mama yangu hasomi menyu ile hata kidogo, vidole vyake vinajua moja, moja, kisha namba. Siku ukiihamisha "moja" kwenda "tatu", umemrudisha darasa la kwanza.

Usahili unaoumiza

Sasa niseme upande wa pili, maana nimeona vijana wakisikia "rahisisha" wanashika panga na kufyeka kila kitu. Mimi mwenyewe nilifyeka, na ninaona uchungu hadi leo.

Toleo la kwanza kabisa halikuwa na mfuko wa jamii. Niliona ni pesa ndogo, elfu moja kwa wiki kwa mwanachama, nikasema iingie pamoja na pesa nyingine, skrini iwe nyepesi. Wiki ya kuvunja kikoba, yaani kugawana pesa za mwaka, ikafika. Kikundi kilikuwa na hisa 2,700 za shilingi 5,000, jumla milioni 13.5. Riba na faini vilileta 2,160,000. Kwenye mfuko wa jamii, baada ya misiba na ugonjwa, zilibaki 950,000. Mgawo sahihi ni 15,660,000 kwa hisa 2,700, yaani 5,800 kwa hisa. Programu yangu ilijumlisha na ile ya jamii, ikatoa 6,151 na senti kadhaa.

Inaonekana kama kila mtu kapata zaidi. Angalia vizuri. Katiba yao ilisema salio la jamii ligawanywe sawa kwa kichwa: 950,000 kwa watu 27 ni 35,185 kila mmoja. Kwa hesabu ya programu, mwenye hisa 250 alikuwa anachukua karibu 88,000 kutoka jamii, na mwenye hisa 50 anaambulia kama 17,600. Walichanga sawasawa mwaka mzima, wakiwa na kipato tofauti, na programu ikawapunja wenye kipato kidogo. Katibu aliligundua kabla pesa hazijatoka, kwa sababu alikuwa na daftari. Nilikaa naye hadi saa nne usiku tukirudia mistari yote.

Ugumu wa kugawa mifuko miwili ulikuwa wa kazi yenyewe, haukuwa wa programu. Larry Tesler, mmoja wa waliobuni namna ya kutumia kompyuta kwa vidirisha na vitufe, alishalisema hili miaka ya 1980: kila kazi ina kiasi cha ugumu kisichoondoka, na swali ni nani ataubeba, mtumiaji au aliyetengeneza programu. Nilipoufuta mfuko wa jamii kwenye skrini, nilimtwisha katibu.

Kwa hiyo kabla ya kukata, jiulize: kazi hii ikitoka hapa inakwenda wapi? Ikiwa inakwenda kwenye kikokotoo na karatasi ya mtumiaji, irudishe na uibebe wewe. Sasa mwanachama mmoja ana mstari mmoja, na programu inagawa yenyewe: elfu moja ya kwanza jamii, kinachofuata hisa. Katibu anabonyeza mara mbili. Nyuma ya mibonyezo hiyo miwili kuna msimbo mwingi kuliko wa zile skrini sita.

Kipengele kiingie wapi

Wengi huamua kwa "ndiyo" au "hapana" peke yake. Kuna swali la katikati: kikiingia, kikae wapi? Mimi nauliza kinatumika mara ngapi, na nani.

Kinachotumika kila kikao kinakaa skrini ya kwanza. Kinachotumika mara moja kwa mwaka, kama thamani ya hisa, kiwango cha riba na aina za faini, kinakaa siku ya kufungua mzunguko, pale kikundi kinapopitisha katiba, halafu kinajificha hadi mwaka ujao. Ile njia ya malipo iliyowaudhi Igoma ilihamia hapo: kikundi kinajibu mara moja kama kinapokea hisa kwa simu au la, na wasiopokea hawaioni tena maisha.

Lakini usifanye mipangilio kuwa jalala la kutupia maamuzi uliyoshindwa kuyafanya. Kila swichi ya washa na zima inazidisha mara mbili idadi ya programu unazotunza. Swichi tano ni maumbo 32. Swichi kumi ni 1,024, na huwezi kuyajaribu yote kabla ya Jumamosi. Katibu anapokupigia na kusema "kwangu haionekani", dakika kumi za kwanza zinaishia kutafuta ni umbo lipi analo. Sisi tumejiwekea kikomo cha swichi sita. Ya saba ikitaka kuingia, moja itoke.

Kuondoa kilichokwisha kuingia

Shirika moja lililokuwa linatufadhili lilitaka ndani ya programu kuwe na sehemu ya mazungumzo ya wanachama. Tuliijenga kwa wiki saba. Vikundi vyote vilikuwa na magrupu ya WhatsApp tayari, wakaendelea nayo. Mwaka mmoja baadaye tukaiondoa, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza tulihesabu nani anaitumia. Vikundi vinne. Nilivipigia simu vyote vinne mwenyewe, sikutuma ujumbe. Vitatu vilikuwa vimeandika "mambo" na "poa" vikaacha. Cha nne kilikuwa kimeweka katiba yake yote humo, kipande kwa kipande, ili mtu asiyefika kikaoni aweze kuisoma. Usipopiga simu hutajua. Tuliwatengenezea mahali pa kuweka katiba, tukawahamishia maneno yao sisi wenyewe, tukatangaza mwezi mzima kabla, ndipo tukaondoa. Sehemu ya katiba sasa inatumiwa na vikundi vingi kuliko mazungumzo yalivyowahi kutumiwa.

Kusema hapana

Kwa mfadhili, peleka ile karatasi ya sekunde. Kwa mama wa kikundi, hesabu za sekunde hazina adabu. Mimi humtumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mama. Lile la ripoti ya rangi nimeliandika, liko ukurasa wa kumi na tisa na jina lako. Kwa sasa sitaliweka, kwa sababu litaifanya simu ya katibu wa Kisesa iwe nzito, na yake ina nafasi ndogo. Likibadilika nitakupigia." Mpe sababu yenye mtu ndani yake. Usiahidi "toleo lijalo" kama hujakusudia. Wanawake hawa wanatunza kumbukumbu za ahadi kuliko wewe.

Hivi ninavyoandika, kwenye kaunta buku kuna ombi lenye majina mawili: programu imtumie mdaiwa ujumbe wa kumkumbusha marejesho siku mbili kabla ya kikao. Kulijenga ni kazi ya siku tatu, na lingependeza sana kwenye ripoti zetu. Wiki iliyopita nilimgusia katibu mmoja wa Buhongwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, deni la kikoba linaongelewa kikaoni, au mtu anafuatwa kwake kwa upole. Humu wengine simu zao zinashikwa na waume zao, na mkopo hawajawaambia." Nimeyaandika maneno yake yote kwenye safu ya tatu. Jumamosi hii nakwenda Kisesa kukaa nyuma ya katibu wao, nione mdaiwa anakumbushwaje leo.